Siku Saba Kabla ya Kumwona Kibibi

Siku ya kuniaga nilipostaafu, ninyi wa kambini mlinipa saa ya ukutani, jagi na hotuba tatu, na katika hotuba zote hizo hakuna hata mmoja aliyethubutu kutaja mkojo. Nilikaa pale mbele na maua ya plastiki shingoni nikisikiliza "mama yetu amejitoa kwa moyo wake wote", nikawa najiuliza huyu anayesifiwa ni nani. Miaka yangu yote ya kazi nimeshika mkojo wa sokwe. Ndiyo kazi yenyewe. Baadaye wawili wenu mlinifuata hadi kwenye boti mkaniomba niandike chochote, mpate cha kusoma mkiwa karantini. Haya, naandika. Ila sitaandika ya kwenye hotuba. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, kisha nitawaeleza nilivyompoteza mume wangu ambaye yu hai kabisa, yupo hapo uani sasa hivi anafungua injini ya boti ya mtu. Hilo la pili ndilo ninalotaka mlisome kwa makini.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Simbo. Nilisomea maabara nikijua nitavaa koti jeupe kwenye hospitali yenye feni. Badala yake nikapangiwa kambi yetu hii ya msituni, kaskazini mwa mji. Siku ya kwanza nilipanda boti kwenye ufuo wa Kibirizi asubuhi, ziwa limechafuka, nikatapika mpaka nikasahau jina langu. Kwenye kokoto za kambini alikuwa amesimama mzee mmoja mwembamba, kifua wazi, panga kiunoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia "Mwakeye", kwa Kiha chetu, halafu hakuniuliza jina wala safari. Aliniuliza, "Una mafua?"

"Sina, Mzee."

"Nyumbani nani anakohoa?"

"Hakuna."

"Tutaona baada ya siku saba," akasema, akachukua begi langu, akaliweka mlangoni mwa kijumba cha bati pembeni kabisa ya kambi, akaondoka. Huyo ndiye Mzee Yoramu, mfuatiliaji wa sokwe, mwalimu wangu wa kwanza na wa mwisho katika kazi hii. Yaani nilianza kazi kwa kufungiwa.

Ninyi mnajua sababu, lakini niwaandikie hata wanaokuja. Sokwe ana mwili unaofanana na wetu, na ugonjwa wetu unamwingia bila hodi. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa limao na asali yanaweza kufagia familia nzima ya sokwe. Kwa hiyo kila anayetoka mjini anakaa siku saba peke yake kabla hajaingia msituni. Ukienda likizo ukarudi, siku saba. Ukitoka siku ya sita kwenda kumzika shangazi, unaanza upya, moja, mbili, tatu. Msituni unavaa barakoa na unasimama mbali, hatua zako kumi na zaidi, hata mnyama akikusogelea ni wewe wa kurudi nyuma. Mimi nilikuwa naenda nyumbani siku nne kila mwezi, halafu siku saba za kijumba. Sijawahi kujumlisha siku zangu za mle ndani. Naogopa.

Siku ya nane Mzee Yoramu alinigongea saa kumi alfajiri. Tulipanda mlima kwa tochi hadi chini ya mti ambao jana yake aliacha sokwe wamejenga viota. Akanipa kijiti chenye bomba jembamba la kunyonyea na kichupa, akaninong'oneza, "Akiamka, atakojoa. Usisimame chini yake kabisa, usisimame mbali. Mkojo ukidondoka, fuata majani, siyo udongo. Udongo unaharibu." Loo! Miaka mitatu chuoni, nije kusimama gizani nikisubiri kukojolewa. Na nilikojolewa. Mzee alicheka bila sauti mpaka akashika mti.

Ujanja wake ulikuwa mmoja, nami nimewafundisha wote: angalia jani lililokunjika katikati, ndilo linaloshika matone. Unanyonya polepole, usivute mapovu. Kichupa unakifunga kwenye karatasi ya fedha, ile inayong'aa ya kufungia chakula, palepale, kabla hujaandika hata jina la mnyama, kwa sababu kile tunachokitafuta hakipendi mwanga. Mwili unapopambana na ugonjwa, kuna kemikali inapanda kwenye mkojo. Ukipima hiyo, unajua askari wa mwilini wako vitani au wamepumzika, na hujamchoma mnyama sindano wala hujamgusa. Ila ukikiacha kichupa juani huku unapiga gumzo, umebeba maji ya chumvi tu. Nimewafokea wengi kwa hilo. Siombi radhi.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Yoramu akastaafu, akafariki kwao, nikabaki mimi ndiye mzee. Halafu akaja Daktari Kalunde.

Huyu alikuwa binti wa Tabora, mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, amesoma nje, anazungumza haraka. Nilidhani anakuja kuchunguza kuharisha kama wenzake waliotangulia. Jioni ya kwanza tumekaa tunakula dagaa na ugali wa muhogo, akaniambia anachunguza safari za anga.

Nikamwambia, "Daktari, umepotea njia. Huku hata mtandao tunaupandia mlima."

Akacheka, akanieleza taratibu, na nitajaribu kueleza nilivyoelewa. Zamani walirushwa kima huko juu, kabla ya watu na hata baada ya watu. Waliporudi na kupimwa, kinga yao ilikuwa imeyumba. Zile seli nyeupe zinazolinda mwili zimelegea, zinaitwa haziitiki vizuri. Kwa wanaanga ni hivyo hivyo. Kuna virusi ambavyo mtu alivipata utotoni, vikalala mwilini miaka na miaka, na huko juu vinaamka, vinaonekana mpaka kwenye mate. Wengi wanasema ni kwa sababu huko hakuna uzito, mwili unaelea. Wengine wanataja mionzi, wengine usingizi mbaya.

"Lakini fikiria, Mama Neema," akasema. "Yule kima hakuelea tu. Alitolewa kwa wenzake, akafungwa kwenye kiti, peke yake, kwenye kopo. Hakuna wa kumtoa chawa. Sasa kilicholegeza kinga yake ni kuelea, au ni upweke?"

Nilijikuta natazama kile kijumba cha bati.

Alichotaka ni mnyama wa jamii yetu ambaye miguu yake iko ardhini lakini anaishi peke yake. Hawezi kumtenga mnyama kwa makusudi, huo ni ukatili na haruhusiwi. Alitaka aliyetengwa na maisha yenyewe. Nikamwambia, "Basi unamtaka Kibibi."

Kibibi alikuwa jike mzee. Mwanawe wa kiume alikufa, wa kike akahamia kundi la bonde jingine kama wafanyavyo majike wakikua, na yeye akabaki kwenye kingo za bonde, anakula peke yake, analala peke yake. Alikuwa mgumu, jamani. Akimwona mtu asiyemjua anapotelea kwenye magugu. Alinizoea mimi tu, na hata mimi si kwa mapenzi, alichoka kunikimbia. Daktari alitaka mkojo wake kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima, bila kuruka. Zamu moja ikikatika, mstari wa vipimo vyake unakatika, na mnyama mwenyewe ni mmoja tu. Nikienda nyumbani, ilikuwa lazima nirudi nimalize siku saba kisha nimwahi Kibibi. Nafasi ya kukosea ilikuwa siku mbili tatu. Nikajiapiza kuwa mstari ule hautakatika mikononi mwangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili hamtaliona kwenye mwongozo wowote.

Sheria ya karantini ni ya kambini. Hakuna aliyewahi kuniambia niipeleke Katubuka, mtaani kwetu. Niliipeleka mwenyewe. Nilijua nikirudi na mafua nitafungiwa wiki mbili badala ya moja, basi siku zangu nne za nyumbani nikaanza kuziishi kwa barakoa. Mume wangu akipiga chafya, natoka nje. Nilihamia chumba cha binti yetu Neema, ambaye alikuwa ameshaolewa Mwanza. Nilikuwa na taulo langu, sabuni yangu. Tukienda misa nilikaa karibu na dirisha, yeye nikamwachia upande wa watu. Mbaya zaidi, nilikuwa nasimama mbali naye bila kujijua. Anazungumza nami, mimi narudi nyuma.

Mume wangu Gervas ni fundi wa injini za boti, mtu wa utani, anayejulikana Kibirizi yote. Mwanzoni alinicheka. "Mama Neema, mimi nina mafuta ya injini, sina ugonjwa." Baadaye akaacha kucheka. Siku moja nilikuwa nimekaa upande wa pili wa sebule, barakoa usoni, naye ana kikohozi kidogo tu cha vumbi. Akaweka spana chini.

"Afadhali ningezaliwa sokwe," akasema. "Ungenifuata hata mlimani."

Nilimjibu kuwa ni kazi, na kwamba imebaki miezi miwili tu, mwaka wa Daktari uishe. Alisema sawa. Alikuwa ana njia ya kusema sawa ambayo inafunga mlango.

Mwezi uliofuata nilimkuta na kikohozi kizito. Siyo cha vumbi. Usiku nilimsikia kupitia ukutani, na asubuhi alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, jua limetoka. Nilimpikia uji, nikamwekea dawa, vyote nikiwa nimefunika uso. Nikamwomba jirani yetu Mama Shabani amwangalie na ampeleke hospitali ikizidi. Mama Shabani alinitazama. "Na wewe?" akauliza. Nikasema nina boti. Niliondoka siku yangu ya tatu, wala sikumaliza zile nne, kwa hofu ya kuambukizwa. Gervas alikuwa amelala kaangalia ukuta. Sikumgusa hata kidole cha mguu.

Siku ya tano ya kijumba, mpishi alikuja akasimama nje akaniita. Mama Shabani amepiga simu: Gervas amelazwa, homa ya mapafu, anapumua kwa mashine ya oksijeni, anakutaka.

Nawaandikia ukweli, maana uongo hauna faida tena kwangu. Boti ilikuwepo. Ingeondoka baada ya saa moja. Mkuu wa kambi mwenyewe alisema, "Mama, nenda." Nilikaa kitandani nikapiga hesabu. Nikienda leo, naanza upya, na Kibibi anapotea wiki mbili, na mwaka wa Daktari umebakiza wiki tatu uishe. Nikikaa siku tatu hizi, nachukua mkojo asubuhi ya nane, napanda boti mchana huohuo. Siku tatu tu. Nilijiambia yuko hospitali, ana madaktari, mimi ningemsaidia nini? Nikabaki.

Asubuhi ya nane Kibibi alichelewa kuamka. Nilisimama chini ya kile kiota namwomba Mungu, na sikuwa namwombea mume wangu, nilikuwa naomba sokwe akojoe. Alikojoa. Nikafunga kichupa kwenye karatasi ya fedha, nikakikabidhi, nikakimbilia boti.

Gervas hakufa. Alikuwa ameshatolewa oksijeni, amekaa, amebaki macho na mifupa. Nilivua barakoa mlangoni mwa wodi, nikaenda nimkumbatie. Akanyoosha mkono, kiganja kimenielekea.

"Simama hapo hapo," akasema. Hakusema kwa ukali. "Hapo ulipo panatosha."

Nilisimama. Wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama. Mama Shabani aliondoka kando ya kitanda cha Gervas akiwa na bakuli la supu, akanipita bila salamu. Nilisimama pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, kisha nikaenda nyumbani, nyumba tupu, nikalia kwa sauti kubwa hata kuku wakanyamaza.

Nilirudi kambini, maana sikujua pengine pa kwenda. Nikiwa kwenye kijumba, ubavu wa kushoto ukaanza kuwaka moto, halafu yakatoka malengelenge yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Mkanda wa jeshi. Daktari Kalunde alikuja na dawa akakaa nje ya dirisha.

"Uliugua tetekuwanga ukiwa mdogo?"

"Nani hakuugua?"

"Ni vile vile virusi. Vimelala kwenye neva zako tangu Simbo. Kinga ikichoka, vinaamka. Ndivyo nilivyokuambia kuhusu wale wa angani." Akapitisha dawa dirishani. "Ila wewe hujaruka, Mama."

"Sijaruka," nikamwambia. "Nimekaa tu."

Hakuandika hilo kwenye daftari, ingawa nilimwona akigusa kalamu. Alisema umri nao unachangia, kukosa usingizi nako, huwezi kusema ni upweke kwa kumtazama mtu mmoja. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Mtaani Katubuka hawakuhitaji utafiti. Mtu akipata mkanda wa jeshi, watu wanajua wanachojua, na wananong'ona jina la ugonjwa mwingine. Nilikwenda kupima virusi vya UKIMWI, nikaleta majibu, sina, nikayaweka mezani mbele ya Gervas. Hakuyashika.

"Sikukuuliza," akasema. Nilitamani angeniuliza, angegomba, angevunja kitu.

Kuhusu Kibibi: siku chache kabla ya mwaka kuisha, nilimkuta asubuhi kiotani, na kwenye tawi la chini palikuwa na kiota kingine. Jike kijana, mgeni kutoka bonde la pili, alishuka, akamsubiri bibi yule ashuke, akakaa nyuma yake akaanza kumchambua manyoya mgongoni. Kibibi alifumba macho. Walikaa hivyo mpaka jua likapanda. Nilichukua mkojo, nikarudi kambini nikamwambia Daktari. Alishika kichwa.

"Mama Neema, mstari umeharibika! Hayuko peke yake tena."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akadhani nimechanganyikiwa, kisha nikawa nalia na yeye akakaa chini pembeni yangu bila kuuliza. Yale majibu ya mwaka yalionyesha kemikali inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na Daktari, kwa uaminifu wake, aliandika kwamba kwa mnyama mmoja hawezi kusema lolote la hakika. Alirudi zake Tabora, na nadhani bado anauliza swali lake. Ni swali zuri. Mimi nimelilipia kwa mume wangu.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo. Nilivua barakoa nyumbani, nilirudi chumbani kwetu, nikalala kwenye nafasi yangu. Gervas hakunifukuza. Aliniamkia, alinipa pole za safari, aliniulizia boti. Kisha akahamia yeye chumba cha Neema, akisema mgongo wake unataka godoro gumu.

Sasa nimestaafu. Siendi popote. Wiki iliyopita aliamka na mafua, macho mekundu, pua inamtiririka. Jumapili mchana nikaingia chumbani kwake bila kitu usoni, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikampaka mafuta ya kifua kwa mkono wangu.

"Utaumwa," akasema.

"Acha niumwe."

Hakusogea karibu. Hakusogea mbali pia. Aliangalia dari mpaka nilipomaliza, akafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Ikawa kweli, nimeumwa. Tangu juzi nina homa na kichwa, nawaandikia nikiwa kitandani. Jana mchana alinisikia nakohoa, akaosha mikono ya mafuta, akaja na kikombe cha chai ya tangawizi. Alisimama kizingitini.

"Ingia, Baba Neema," nikamwambia. "Wewe umeshaugua, huwezi kuambukizwa tena."

Alifikiri. Akakiweka kikombe sakafuni, taratibu, chai isimwagike, akarudi nyuma hadi ukumbini.

"Zimebaki siku nne," akasema. Nikahesabu: saba, ukitoa tatu zilizopita tangu Jumapili nilipomgusa.

Sikujua kama ananitania kama zamani au ana maana yake. Nilimtazama usoni, sikupata kitu. Alirudi kwenye injini yake, nikaamka nikaifuata chai mwenyewe, ilikuwa bado ya moto. Leo zimebaki tatu. Zikiisha ataingia, au hataingia. Sijamwuliza. Nimelala nazihesabu.